Sahani mbili zimevunjika na safari ya Shanghai bado

"Shikamoo mwalimu. Mume wangu ana biashara Guangzhou, na mwezi wa sita shule zikifungwa tunakwenda kumtembelea na watoto watatu: wa miaka 12, 9 na 4. Ameahidi kutupeleka Shanghai kutazama sarakasi za Kichina. Tangu awatumie video kwenye simu, huyu wa kati, ni msichana, hatulii. Amevunja sahani mbili akizizungusha kwenye mpini wa ufagio, na kila jioni anapiga daraja sebuleni mpaka analalamika kiuno kinauma. Shemeji yangu anasema wale Wachina hupewa dawa ya kulainisha mifupa tangu wachanga, na kwamba vile viti vinavyopangwa juu kwa juu vimegandishwa kwa gundi, ni mazingaombwe tu. Wengine wananiambia watoto wa sarakasi kule huteswa, kwa hiyo kulipia tiketi ni dhambi. Je, ni onyesho la kwenda na mtoto wa miaka 4? Na huyu anayetaka kuwa mwanasarakasi nimfanyeje?"

Marahaba, mama. Umeuliza mengi kwa pumzi moja, na lile lililonishtua umelipitisha katikati kama jambo dogo: kiuno cha mtoto. Naanza nacho. Burudani itangoja kidogo.

Daraja, yaani kujikunja nyuma mpaka viganja na nyayo vyote viwe chini na tumbo liwe juu, ni zoezi la kawaida kabisa katika kazi yetu. Watoto hulipenda kwa sababu hulipata haraka, na hapo ndipo penye mtego. Mtoto anayefundishwa hufunguliwa kwanza mabega na sehemu ya mbele ya nyonga, ili mkunjo ugawanyike mwili mzima kama upinde. Asiyefundishwa mabega yake yamekaza, basi mwili unatafuta pa kukunjikia na unapapata kwenye pingili za mwisho za kiuno. Anakunja hapo leo, kesho na keshokutwa, juu ya vigae. Mfupa wa mtoto anayekua, ukibanwa mahali pamoja kila siku, unaweza kupata ufa mwembamba usioleta uvimbe wala alama yoyote ya nje. Dalili yake inafanana na hiyo uliyoitaja: kiuno kinauma akijikunja nyuma au akirukaruka, kinatulia akipumzika.

Sisemi ndicho alicho nacho. Mimi ni mwalimu wa sarakasi, si daktari, na mara nyingi huwa ni misuli tu iliyochoka. Ila nina sababu ya kutolipuuza. Nilipokuwa na miaka 13 nilificha maumivu ya kiuno kwa miezi, kwa kuwa aliyekuwa akinifundisha wakati huo alipenda kutuambia kwamba maumivu ni uvivu unaotoka mwilini. Nilipokuja kupigwa picha nilikuwa siwezi kuinama kufunga kamba za viatu. Mwaka mzima nilikaa pembeni nikitazama wenzangu wakiruka, na kauli ile naichukia mpaka leo.

Kwa hiyo madaraja yasimame leo, na mweleze kwamba si adhabu. Kama kiuno kimemuuma kwa zaidi ya wiki mbili, au kama akipumzika wiki moja maumivu yanarudi mara anapoanza tena kucheza, mpeleke kliniki ya mifupa au kwa mtaalamu wa fiziotherapia kabla hamjapanda ndege. Umwambie daktari wazi kwamba mtoto hujikunja nyuma kila siku, maana hilo litamwelekeza pa kutazama. Lakini kama maumivu yanamwamsha usiku, mguu unakufa ganzi au unakosa nguvu, ana homa, au haja ndogo inampa shida, usihesabu wiki. Ni hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa shemeji yako. Hadithi ya dawa ya mifupa naijua tangu utotoni. Mtaani kwetu dawa ilikuwa siki, mtaa wa pili ilikuwa mafuta ya chatu. Mwulize hivi: mfupa uliolainika ni mfupa mzuri? Mtoto mwenye matege kwa kukosa vitamini D ndiye mwenye mifupa laini, na ni mgonjwa. Anayesimama kwa mkono mmoja ameuweka uzito wake wote juu ya kifundo kimoja cha mkono. Mifupa yake ingekuwa laini, ingepinda pale pale. Wanasarakasi huwa na mifupa migumu kuliko yako na ya shemeji, kwa kuwa mfupa unaobebeshwa mzigo kwa kadiri huongeza unene.

Kinachobadilika ni misuli na mishipa inayofunga viungo, na zaidi ya hapo ni ubongo. Ukinyoosha mguu kupita ulipozoea, ubongo unaogopa na kukaza msuli ili kukuzuia. Ukirudia kwa upole kila siku, hofu ile inachelewa kuja, na mguu unakwenda mbele kidole kimoja, kisha kingine. Ipo na bahati ya kuzaliwa. Shimo la nyonga la mtu mmoja lina kina kirefu, la mwingine limefunguka, na yule wa kwanza hatapiga msamba kamili hata afanye mazoezi miaka 20. Vyuo vya China huchagua watoto kwa kuwatazama viungo hivyo kabla ya kitu kingine. Ukiwaona wasichana watano jukwaani wamejikunja kama kamba ya katani, kumbuka hukuwaona wale waliorudishwa nyumbani wiki ya kwanza.

Anayechaguliwa huanza akiwa na miaka 6 au 7. Walimu wa kule hutaja misingi minne: kiuno, miguu, kusimama kwa mikono, na samasoti. Kabla ya kushika sahani au kiti, mtoto hupita katika hiyo minne asubuhi na jioni, kwa miaka. Wana msemo unaorudiwa kila chuo, kwamba dakika moja juu ya jukwaa ni kazi ya miaka kumi chini yake. Kuhusu dawa ya mifupa, basi, dawa yenyewe ni hiyo.

Kwenye mazingaombwe shemeji amekosea pia, ingawa hakukosea kijinga. Vyombo vya jukwaani kweli si vya nyumbani, na hilo ndilo linalowachanganya watu.

Chukua sahani ya kabatini uigeuze. Chini ina ile pete inayokalia meza. Sahani ya sarakasi ina pete kama hiyo, na katikati yake kishimo kidogo. Fimbo ni nyembamba, ndefu kama mita moja, inanesa, na ncha yake imechongwa. Mzungushaji huning'iniza sahani kwenye ncha, imelala upande, kisha anachora duara dogo kwa kifundo cha mkono huku ncha ikikimbia ndani ya ile pete. Sahani inafuata fimbo, inapata kasi, inainuka yenyewe mpaka inalala sawa. Hapo ndipo pa ujuzi: kifundo kinasimama ghafla, ncha inateleza na kuangukia kishimoni, na sahani inaendelea peke yake. Kitu kinachozunguka kwa kasi hukataa kuinama, kama pia ya watoto inavyokataa kulala, au tairi la baiskeli linavyokuwa zito kuligeuza likiwa mbioni. Kasi ikipungua, ukingo unaanza kuyumba kama sarafu inayokaribia kulala mezani. Waambie watoto watafute huo mtikisiko. Wakiuona, na wakamwona mzungushaji anairudia fimbo ile kabla sahani haijadondoka, hawatauliza tena kama imegandishwa. Msichana mwenye fimbo nne au tano kila mkono hawezi kuzitazama zote. Anazisikia kwenye vidole.

Umeona basi kosa la binti yako. Mpini wa ufagio ni mnene, haunesi, hauna ncha, na sahani ya udongo ya mezani haina kishimo. Angejaribu mwaka mzima asingepata. Ukitaka, mnunulie sahani za plastiki za mafunzo zenye kishimo kirefu. China zinauzwa kwenye maduka ya vitu vya watoto, na mtoto wa miaka 9 akiwa mkaidi hujifunza kwa siku chache.

Viti navyo havina gundi, ila usivichukue kuwa ni viti vya sebuleni. Vimeundwa kwa mbao nzito au chuma, viungo vimekazwa, na miguu ya kimoja imepimwa ikae sawasawa juu ya kingine. Mara nyingi kuna meza chini, na kiti cha kwanza husimama juu ya chupa nne. Kila kiti kinapokelewa kutoka kwa msaidizi na kuwekwa na mtu ambaye tayari yuko juu, naye anakijaribu kwa kiganja kabla ya kukipa uzito. Mnara wote unasimama almuradi uzito wa jumla unaangukia ndani ya miguu ile minne ya chini. Mtu aliye juu hausimamishi mnara, kazi yake ni kutousumbua. Akisimama kwa mikono, mtazame vidole. Mwili ukielekea kuangukia upande wa mgongo, vidole vinakandamiza. Ukirudi upande wa pili, vidole vinalegea na uzito unahamia kwenye kisigino cha kiganja. Wewe unafanya hivyo hivyo kwa nyayo unapongoja daladala, ila hujawahi kujitazama.

Mkiona kamba nyembamba imefungwa kiunoni mwa msanii, msiwaambie watoto kwamba anadanganya. Itazameni vizuri: imelegea. Kamba iliyolegea haimbebi mtu, inamngoja tu akianguka. Mimi huheshimu zaidi onyesho lenye kamba kuliko lile linalojisifu kutokuwa nayo.

Kuna jaribio la kufanya nyumbani kabla ya safari, halina hatari na halivunji kitu. Simamisha penseli juu ya kiganja. Haikai. Sasa simamisha ule ufagio, kichwa chake kikiwa juu, nawe tazama kileleni, si kiganjani. Unakaa, na hata yule wa miaka 4 atapata sekunde tatu. Kitu kirefu huanguka polepole, kwa hiyo mkono unapata nafasi ya kukimbilia chini yake. Ndiyo maana mlingoti unaosimamishwa juu ya paji la uso na kupandwa na mtu huwa mrefu kiasi kile. Urefu unaomtisha mtazamaji ndio unaomsaidia mbebaji.

Mitungi ya kauri nayo inastahili neno. Mtu anarusha mtungi mzito juu, anaupokea kwa kichwa, na watazamaji wanafumba macho. Wakifumbua hawajaona la maana, kwa sababu la maana ni magoti. Mtungi unapofika, mwili wote unashuka nao kwa kasi ile ile, kama unavyodaka yai, na mshindo unagawanyika katika nafasi ndefu. Bibi zetu waliotoka kisimani na ndoo kichwani, wakageuka kusalimia bila kumwaga tone, wangeuelewa mchezo huu kabla ya yeyote ukumbini.

Na sasa nikuombe jambo moja. Wafundishe watoto kutazama chini. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa pembeni kabisa ya jukwaa katika ukumbi mdogo Beijing, mahali pabaya pa kutazamia, nikaona kitu ambacho waliokaa katikati hawakukiona. Viti vilikuwa vimefika sita. Juu kulikuwa na binti mwenye nguo inayometameta, ukumbi mzima umeinua shingo. Chini alisimama mwanamume wa makamo, suruali nyeusi, hana pambo lolote. Hakumtazama binti hata mara moja. Alikuwa anatazama kiti cha pili, pale miguu inapokutana na mgongo wa kiti cha kwanza. Binti aliporusha miguu kulia, yule mtu akasogeza unyayo wake nusu hatua, mikono imefunguka kidogo, kama mama anayemfuata mtoto anayeanza kutembea huku akijifanya hafuati. Miguu iliporudi katikati, naye akarudi. Mara saba nane alifanya hivyo. Mwishoni binti aliinama kupokea makofi, na yule mtu alikuwa ameshaanza kubeba viti.

Watu wa namna hiyo wapo kila mchezo: anayesukuma bembea, anayeshika kamba, aliye chini ya piramidi na watu watano mabegani. Mtoto anayemwona huyo hatapanda juu ya kabati peke yake akirudi nyumbani, kwa kuwa atajua kwamba alichokiona hakikufanywa na mtu mmoja. Hotuba zote za "usijaribu nyumbani" sijaona zikifanya kazi kama hilo.

Jambo jingine la kuwaandaa: wasanii hukosea. Kofia inayorushwa itaanguka, kijana anayeruka kupita kwenye pete atagonga ile ya juu kabisa na kuiangusha. Katika desturi ya Kichina hatakimbia nyuma ya pazia. Atarudi alipoanzia na kurudia mpaka ipite, na makofi ya mara ya pili huwa makubwa kuliko ya kwanza. Wapo wanaokosea kwa makusudi ili kuyapata hayo makofi. Mimi mwenyewe nimefanya, sitakuficha.

Mkubwa wako wa miaka 12 pengine atajidai ameshapita umri wa sarakasi. Mpe historia. Zhang Heng, mshairi wa enzi ya Han ambaye pia alikuwa mnajimu, katika karne ya pili aliandika shairi refu kuhusu mji mkuu wa magharibi, Chang'an. Ndani yake wamo wapanda mlingoti, wachezaji wa mipira na panga, watu wanaoruka kupita kwenye duara la visu, na wawili wanaotembea juu ya kamba mpaka wakakutana katikati. Mchezo wa leo wa kupita kwenye pete ni mjukuu wa lile duara la visu. Visu viliondolewa, mruko ukabaki. Baadaye mchezo ulishuka kwa wakulima. Wilaya ya Wuqiao, mkoa wa Hebei, yenye ardhi ya magadi na mafuriko, ilijulikana kwa watu wake kuondoka na kucheza barabarani mazao yanapokuwa hayapo, na vifaa vyao vilikuwa vile vya nyumbani: meza, viti, sahani, mitungi, mabakuli. Kule wanasema kuanzia mzee wa miaka 99 hadi mtoto anayeanza kutembea, kila mtu wa Wuqiao ana mchezo wake mmoja. Tangu 1987 mkoa huo una tamasha la kimataifa la sarakasi linalobeba jina la wilaya hiyo.

Na sisi tumo. Mwaka 1965 Tanzania ilipeleka vijana 20 China kujifunza sarakasi kwa miaka minne. Waliporudi ndio waliokuwa msingi wa kikundi cha sarakasi cha taifa. Vikundi vya sanaa vya taifa vilipovunjwa, ukaja mwaka 1981 ukazaliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho siku hizi ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Aliyenifundisha mimi, baada ya yule wa uvivu, alifundishwa na mmoja wa wale 20, na mpaka leo tunahesabu mazoezi ya mikono kwa mpangilio uliotoka huko. Ramadhani Brothers, wanasarakasi wetu wawili, waliposhinda lile shindano la vipaji la Marekani, America's Got Talent: Fantasy League, mwaka 2024, mmoja akiwa amesimama kichwa juu ya kichwa cha mwenzake, watoto wetu waliona kitu cha Dar es Salaam. Wako sawa. Lakini mzee wa Wuqiao naye angeujua mkao ule mara moja.

Suala la mateso silipiti haraka, kwa kuwa halina jibu jepesi. Zamani vikundi vya kuzunguka vilichukua watoto wa maskini kwa mikataba, na fimbo ilikuwa sehemu ya somo. Baada ya 1949 vikundi vikawa vya serikali, na vyuo vikawa vya bweni. Sheria ya kazi ya China ya 1994 inakataza kuajiri walio chini ya miaka 16, lakini inaacha mlango kwa vikundi vya sanaa na michezo, kwa masharti ya ruhusa na ya kulinda haki ya mtoto ya elimu ya lazima. Mlango huo upo kwa sababu miaka 16 ni umri wa kuchelewa mno kuanza. Je, kuna walimu wakali kupita kiasi? Wapo, kama walivyopo kwenye mpira na muziki. Je, watoto wengi hutoka vijijini, wazazi wakiona hapo njia ya ajira? Ndiyo. Mtoto wa miaka 7 kukaa bweni akinyooshwa miguu huku analia ni jambo ambalo mimi nisingelichagua kwa mwanangu, na nalisema nikijua kwamba bila hilo nisingekuwa na kazi hii.

Kwa tiketi yako, mimi ningekwenda. Ningechagua onyesho ambalo wengi jukwaani wanaonekana kuwa vijana na watu wazima. Kama hapo kuna watoto wadogo wanaocheza mpaka usiku, ningeondoka na kutafuta jingine. Wanyama nao uamue mapema. Huko Guangzhou mume wako atasikia habari za ukumbi mkubwa wa Chimelong kule Panyu, ambao umejulikana kwa kuchanganya sarakasi na wanyama. Kama hilo hulipendi, na mimi silipendi, ulizeni kabla ya kulipa.

Shanghai mna njia mbili. Ukumbi ule mkubwa wa duara, Shanghai Circus World, uliofunguliwa mwaka 1999, ndio uliofanya maarufu onyesho la ERA kuanzia 2005: muziki, mwanga, hadithi, na pikipiki zinazozunguka ndani ya tufe la chuma. Pikipiki si jadi ya Kichina hata kidogo, ila watoto wa miaka 12 watakwambia ndiyo sehemu bora, na tusibishane nao. Njia ya pili ni kumbi ndogo zinazocheza michezo ya zamani mmoja baada ya mwingine, sahani, kofia, mitungi, viti, bila hadithi. Ningekuwa na mtoto wa miaka 4 ningekwenda kwenye ndogo, kwa sababu ya kelele. Tufe lile likiwaka pikipiki, sauti inaingia kifuani.

Mtoto wa miaka 4 anaweza kufurahia sana, maana hakuna lugha ya kufuata na hakuna mchezo unaozidi dakika chache. Kinachomshinda ni saa. Maonyesho mengi ni ya usiku na huchukua kama saa moja na nusu, basi alale mchana, ale kabla, na nyinyi mkae mwisho wa mstari karibu na mlango. Msinunue viti vya mbele kabisa. Ukiwa chini ya pua ya jukwaa unaona nyayo na huoni umbo. Katikati ya ukumbi, macho yakiwa kimo kimoja na kiti cha tatu cha mnara, ndipo penyewe, na kwa kawaida pana bei nafuu kuliko mbele. China sehemu nyingi zimezoea kupima bei ya mtoto kwa urefu wake, ingawa nyingine sasa hutazama umri, kwa hiyo mpime kila mmoja ukutani kabla hamjafika dirishani, hasa huyo wa miaka 9 kama amerefuka.

Naye akirudi bado anataka kuwa mwanasarakasi, usimkatalie na usimpeleke popote kwa haraka. Tafuta kwanza mtu wa kumfundisha, kisha ukamtazame mwalimu huyo akiwa kazini kabla ya kumpa mtoto. Tazama kama kuna godoro au mchanga laini, kama wanapasha mwili moto, kama mwalimu anasimama karibu na anayeruka au anakaa kwenye simu. Kisha umwulize: mtoto akisema anaumwa, unafanyaje? Akicheka, shukuru uondoke.

Jimnastiki ya shule, kama ipo karibu nanyi, inatosha kabisa kwa miaka miwili mitatu ya mwanzo. Misingi ni ile ile.

Na kama daktari atasema kiuno kipumzike miezi mitatu, usimwone mtoto ameonewa. Miezi hiyo ndiyo ya sahani. Mtu anazungusha akiwa amesimama wima, kifundo cha mkono ndicho kinachofanya kazi, mgongo haujui hata kama kuna mchezo unaendelea. Anzeni na za plastiki.